Mahindi Ndiyo, Maharage Hapana

Mwezi uliopita tulimzika Mama Nyangeta kule Butiama. Mwongoza ratiba, kijana mwenye suti na kipaza sauti, aliwaomba wageni kutoka Kenya wahamie kwenye turubai la pembeni walilotengewa. Mama Akinyi, ambaye alikuwa amevuka mpaka wa Sirari asubuhi ile na wenzake saba, hakuinuka. Alibaki kwenye mkeka wa wafiwa, miguu ameinyoosha, akasema, "Mwanangu, mimi si mgeni. Nyumba hii nimekula kabla wewe hujaota ndevu." Watu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba wako msibani, wakainamisha vichwa. Mimi nilicheka muda mrefu kuliko wengine, nikaanza kujiuliza nani ameniona, kama nimewakosea wafiwa, kama niende kuomba radhi, na niiombe kwa nani. Ndiyo akili niliyopewa. Marehemu aliijua vizuri, na katika mwaka mmoja niliofanya kazi naye aliitumia kama mtu anavyotumia kisu chenye makali kupita kiasi, kwa uangalifu na kwa kazi ndogondogo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, na shahada ya sayansi ya siasa niliyoihifadhi kwenye bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, kwa kuogopa unyevu. Mambo ya kwetu nitayaruka, hayakuwa na taabu ya kusimulia wala maajabu. Kilichokuwepo ni kwamba wanawake wanaouza dagaa wa Musoma na Bunda, pamoja na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, walikuwa wameanzisha umoja mmoja na walikuwa wanatafuta katibu anayejua kuandika. Sababu ya kuungana ilikuwa rahisi. Mnunuzi mkubwa akija Musoma alisema wale wa Kenya wameshusha bei; akivuka, alisema wale wa Tanzania wameshusha. Siku Mama Nyangeta na Mama Akinyi walipokutana kwenye harusi na kulinganisha maneno, waligundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wanadanganywa na mdomo mmoja. Wa Uganda waliposikia walisema wazo ni zuri, ila wao wataangalia kwanza.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Nyakato, hapohapo Musoma, nyuma ya jiko la Bi Zuhura, mpishi wa shughuli ambaye babu yake alifika Musoma kama fundi cherehani na hakuondoka tena. Dirisha letu lilitazama masufuria yake. Kila nilichoandika mwaka ule nilikiandika kikinukia iliki na vitunguu, na mazungumzo ya jikoni yalikuwa yanaingia yote, nitake nisitake. "Huyo mwanachuo wenu," nilimsikia siku moja akimwambia mtu, "akisalimiwa anafikiria kwanza." Nilikaa nusu saa nikitafakari kama hilo ni tusi. Nilipotoka aliniwekea sahani ya wali mbele yangu, akasema, "Kula, Mwanachuo. Usiufikirie, umeiva."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika katiba. Chuoni, mhadhiri wetu mmoja alikuwa ametufundisha kwamba kura haifanyi kazi mpaka wapigaji wawe wanajihesabu kuwa watu wamoja. La sivyo wachache hawatakubali kutawaliwa na walio wengi, watasema wametawaliwa na wageni. Nililiamini hilo, na kwa kuwa niliona wazi kwamba wanawake hawa hawakuwa watu wamoja (hawa wanasema dagaa, wale wanasema omena, hawa wana Wizara yao, wale wana Kaunti yao), nilijaribu kuziba kila ufa kwa kifungu. Jumamosi nilikuwa napanda kwenda Butiama kumsomea Mama Nyangeta nilichoandika. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, lakini hakuna aliyekaa humo. Tulikaa jikoni, kwenye vigoda, yeye akisonga ugali wa muhogo na mtama, mimi nikisoma kwa sauti na kupikicha macho kwa moshi.

"Umefika cha ngapi?" aliniuliza siku moja.

"Cha thelathini na nane, Mama."

"Thelathini na nane! Hata ng'ombe wa mahari hawana masharti hayo." Aliugeuza ugali mara ya mwisho, akaufunika. "Sasa andika changu kimoja. Anayeshindwa ndiye anayekwenda kutangaza kwao."

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba hilo ni la hatari. Aliyeshindwa atapotosha. Ataongeza chumvi, atawachochea watu wake. Nilikuwa na mifano minne, na nilianza wa kwanza.

"Katibu, sikiliza," alisema. "Kule kwetu mtu akishinda kesi halafu akaja yeye kukutangazia, unaona anakucheka. Hata akisema kwa upole, meno yake unayaona. Lakini akija ndugu yako akasema, jamani, nimewatetea, nimeshindwa, unamtazama usoni unajua ni kweli. Andika."

Niliandika. Kilikuwa kifungu cha thelathini na tisa, na kilikuwa na mstari mmoja. Tulikula ugali ule na samaki aina ya ningu, na maziwa ya mgando, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama vile vingine thelathini na nane vilikuwa vya umoja au vilikuwa vya hofu yangu.

Jambo la kwanza la kupigiwa kura lilikuwa vichanja. Upande wa Mama Akinyi, wengi walikuwa wameshaanza kuanika dagaa juu ya meza za nguzo zilizotandikwa nyavu. Huku kwetu, hasa ufukweni Kibara, walianika mchangani, na mnunuzi alikuwa analalamika kwamba anatafuna mchanga. Wa Kenya wakaleta hoja: msimu ujao ukianza, asiyekuwa na kichanja asiuze kwa jina la umoja. Mama Nyangeta, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ananunua dagaa wake Kibara na aliwajua wanawake wa pale kwa majina ya watoto wao, alipinga. Hakuwa anapinga vichanja. "Kichanja ni kizuri," alisema. "Msimu mmoja ndio mbaya. Nguzo Kibara zinatoka wapi? Mnataka wakate miti yote ya pwani kwa wiki mbili?" Kila mtu alijua maana yake. Hoja ikipita, wa Kibara watakuwa wa kwanza kuumia, na wakiumia kwa sababu ya kura za watu wa nchi nyingine, kuna uwezekano mkubwa watatoka. Wakitoka wao, wa Bunda watafuata, na mnunuzi atarudi kwenye hadithi zake.

Tulipigia kura kwenye ukumbi wa kukodi Buhare, pale Musoma. Kwa kuwa baadhi ya wanachama hawakusoma, tulikubaliana kila mmoja apewe punje ya hindi na punje ya harage, apite nyuma ya pazia, atumbukize moja kwenye mtungi. Hindi ni ndiyo, harage ni hapana. Ile nyingine unabaki nayo. Mwenyekiti, yaani Mama Nyangeta, hakupewa punje. Kwa kifungu cha kumi na mbili alikuwa na kura pale tu ambapo zimetoka sare. Wenzetu walicheleweshwa mpakani, kwa hiyo wa Tanzania walipiga asubuhi na wa Kenya walipiga mchana, nami nikiita majina kutoka orodha mbili zilizoandikwa na matawi yenyewe. Kisha nilimwaga mtungi mezani, mbele ya wote. Mahindi ishirini na moja. Maharage ishirini. Mama Akinyi hakushangilia. Alimtazama Mama Nyangeta, na Mama Nyangeta akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Nimeshindwa. Kibara nitakwenda mwenyewe." Halafu tukala.

Jioni, Bi Zuhura aliniita pembeni akiwa ameshika sahani iliyofunikwa. "Mwanachuo, uliniambia nipike ya watu arobaini na mmoja na mwenyekiti wao. Mimi nimepakua kwa mkono wangu, hakuna aliyekosa. Mbona moja imebaki?"

Mtu mwingine angesema kuna aliyekuwa hana njaa. Mimi Jumapili nzima nilikaa na zile orodha mbili. Upande wa Kenya palikuwa na Bhoke Marwa. Upande wetu, katika wachuuzi wa Nyakato, palikuwa na Mama Chacha. Wanachama wetu walikuwa wameandikana wanavyoitana, na mwanamke mwenye mtoto huku kwetu anaitwa kwa jina la mtoto; sikuwa nimeuliza jina lake la kwao, na sasa nilianza kushuku kwamba ni Bhoke. Jumatatu nilimkuta sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya furaha, Mkurya mwenye mume ng'ambo na dada hapa Nyakato, wiki huku, wiki kule.

"Mama Chacha," nilisema, "samahani, Jumamosi ulipiga kura mara mbili?"

"Uliniita nikaenda. Ukaniita tena, nikaenda tena. Wewe ndiye uliyekuwa unaita!"

"Hukuona kwamba si sawa?"

"Niliona mnanihitaji." Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Katibu, sikuiba. Asubuhi nilikuwa wa huku, nikawapa harage wa huku, maana najua shida yao, na mimi huku naanikaga mchangani. Mchana nilikuwa wa kule, nikawapa hindi wa kule. Kila mtu nimempa haki yake."

Nilipanda Butiama siku hiyohiyo. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu, na nilipofika nilimweleza Mama Nyangeta nikiwa bado nimesimama mlangoni. Tukiondoa punje zote mbili za Bhoke, inabaki ishirini kwa kumi na tisa, hoja imepita vilevile. Lakini mtu ana haki ya kura moja, kwa hiyo labda tunapaswa kuondoa moja tu. Tukimwuliza Bhoke yeye hasa ni wa wapi, naye akasema ni wa huku, basi hindi lake ndilo batili, na inakuwa ishirini kwa ishirini. Sare. "Na sare, Mama," nilisema, "kura ni yako."

Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Nilijua, naye alijua kwamba najua, kwamba Bhoke angejibu lolote ambalo Mama Nyangeta angetaka ajibu. Walikuwa wameuziana na kukopeshana vikapu miaka kumi. Neno moja tu, na Kibara ingepona.

"Bhoke anapika wapi?" aliuliza.

"Kote, Mama."

"Amezika wapi?"

Sikujua. Baadaye niliambiwa: mtoto mmoja kila upande.

"Basi usimwulize," alisema. "Mtu haulizwi hivyo. Leo utamwuliza kwa ajili ya dagaa, kesho atakuja mwingine amwulize kwa ajili ya kumfukuza." Akaokota punje mbili mbovu za choroko, akazitupa nje kwa kuku. "Ondoa zote mbili. Nimeshindwa ishirini kwa kumi na tisa."

Nimeyasoma mengi kuhusu demokrasia kabla na baada ya siku ile, na mengine yameandikwa na watu wenye akili kunishinda. Sijakuta mahali mtu amepewa ushindi mlangoni, halali kwa karatasi, akaurudisha kwa sababu ungegharimu swali moja aulizwe mwanamke mmoja. Wakati ule, nikiri, sikuvutiwa. Niliogopa. Kilichokuwa kinanila ni kosa langu, na nilidhani kwa kuwa matokeo hayajabadilika hapakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote. Jumatano, tukielekea Kibara kwenye gari la mpwa wake, tulisimama Bunda kunywa chai, na hapo, mbele ya chapati, nilimwomba tusimwambie mtu. Nilisema watu wakijua katibu aliita mtu mmoja mara mbili, hawataamini tena mtungi. Nilisema maneno kama "uhalali" na "imani ya wanachama." Alinisikiliza mpaka mwisho, akachovya chapati kwenye chai, akatoa simu, akampigia Mama Akinyi, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya juu, katikati ya wateja.

Alimweleza yote.

"Sasa tumeshinda ama hatujashinda?" Mama Akinyi aliuliza.

"Mmeshinda. Kwa moja ileile."

"Na ungeniambia imekuwa sare, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Nyangeta," sauti ilisema, chini zaidi, "wewe ni mtu mgumu kumshinda. Yaani nimeshinda na sisikii utamu." Kisha akacheka, na mtu wa meza ya jirani, ambaye hakuhusika kabisa, akacheka pia. "Katibu yuko hapo? Mwambie asilie."

Sikuwa nalia. Nilikuwa nafikiria kulia.

Kibara tulifika jua likiwa utosini. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani mpaka karibu na mitumbwi, wanang'aa hata huwezi kuwatazama, na wanawake walikuwa wanawageuza kwa mafagio. Aliyekuja mbele alikuwa Nyamisi, mrefu kuliko sisi wote, fagio begani kama bunduki. Habari za kura zilikuwa zimeshamfikia, zimevimba njiani.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Tunasikia Wakenya wamekaa Musoma wakatupangia mchanga wetu."

"Marahaba. Wamekaa, na mimi nimekaa nao. Nilisema hapana. Nimeshindwa."

"Kwa ngapi?"

"Moja."

"Moja!" Nyamisi aligeuka kwa wenzake. "Mmesikia? Nguzo zote hizo kwa punje moja!"

"Bado sijamaliza," alisema Mama Nyangeta, akanigeukia. "Katibu, toa."

Punje nilikuwa nazo kwenye bahasha, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhifadhi. Mtu alileta ungo, nikazimwaga. Niliziachia haraka kama zinazouma, hadi maharage mawili yakaruka mchangani, na wanawake wanne wakainama kuyatafuta. "Katibu wa karatasi," Nyamisi alisema, si kwa ukali sana, "hizi hazing'ati." Mama Nyangeta alieleza habari za Bhoke, jina kwa jina, kosa la orodha na kosa la kuita, wala hakusema ni langu peke yangu, alisema, "Tulikosea." Kisha akachukua hindi moja na harage moja, akayatoa kwenye ungo, akawaambia wahesabu wenyewe. Walihesabu. Nyamisi akahesabu peke yake, tena, midomo ikicheza.

"Mbona umetuambia?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Ungenyamaza tu."

"Bhoke mnamjua? Bhoke ana mdomo wa kufungwa?" Walicheka, walimjua. "Mngesikia sokoni. Halafu siku nyingine nikija hapa kuwaambia tumeshinda, mngeniamini?"

"Na tukikataa?" Nyamisi hakuwa amecheka.

"Mkikataa mnatoka. Hakuna askari atakayekuja. Mnunuzi tu ndiye atakayekuja, na mnamjua." Mama Nyangeta alivua kandambili, akakaa mchangani kando ya ungo kama mtu aliyefika kwake. "Mimi nimekuja kutangaza, Nyamisi. Kubembeleza sikuja."

Hiyo ndiyo dakika ambayo mwaka mzima ulikuwa unaielekea, na mimi nilikuwa nimeshaandaa kichwani barua ya kuvunja umoja, pamoja na salamu zake. Nyamisi aliutazama ungo. Aliwatazama dagaa. Kisha akanitazama mimi.

"Kura nyingine lini?"

"Kwa mujibu wa kifungu cha…"

"Sijauliza kifungu."

"Mwakani. Mwezi kama huu."

"Na hapa Kibara mmetuandika wangapi?"

"Watano."

Aligeuka polepole, akawahesabu kwa ncha ya fagio wanawake wote waliokuwa ufukweni, mpaka yule wa mwisho kabisa aliyekuwa anafua. Walikuwa zaidi ya thelathini. "Andika," aliniambia. "Majina ya baba zao, si ya watoto, usije ukatuita mara mbili. Na umwambie huyo Akinyi atafute watu, maana mwakani tunamshinda."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti, daftari juu ya paja, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa nafikiria chochote. Mtu anayepanga kukushinda mwakani hajaondoka. Jambo hilo sikulipata kwenye kitabu, na mhadhiri wangu nadhani alikuwa ameliweka kinyumenyume: watu hawa hawakusubiri kuwa wamoja ndipo washindane.

Nilipofika jina la kumi na kitu, Nyamisi alikuwa ameshasimama kando ya dagaa wake, anapima hewa kwa kiganja. "Hiki kichanja chao," aliuliza bila kugeuka, "kinafika wapi?"

"Kiunoni," alisema Mama Nyangeta.

"Kiunoni kwa nani? Kwako au kwa Akinyi?"

Mama Nyangeta, ambaye alikuwa mfupi na alilijua hilo, alicheka mpaka akashika tumbo. Wanawake wa Kibara wakaacha mafagio, wakaanza kusimama wawiliwawili, mgongo kwa mgongo, wanapimana viuno.